Taya la Saidi, mkono wa Beno

Ijumaa usiku

Damu ya Saidi imeingia mpaka ndani ya kibodi, nimesugua nimechoka.

Tangu kompyuta ziingie Songea hakuna fundi wa programu kama Beno wangu. Lakini leo mchana, sebuleni kwangu, ndiyo ofisi yao, amemvunja taya mwenzake Saidi kwa ngumi. Kisa, Saidi kafuta kazi ya Beno ya wiki nzima.

"Ungeniuliza!"

"Nikuulize wewe, usiyeitikia hata salamu?"

Ngumi. Kisha Beno akakamata mchi wangu wa kinu ampasue kichwa. Nikamng'ata mkono mpaka akauachia. Mwanangu wa pekee, awe muuaji!

Hospitali daktari ameuliza ni mbwa gani. Nimejifunika mdomo kwa kanga.

Na programu ya ushirika wa kahawa inatakiwa Jumatatu.

"Mama, tumekwisha," Beno akalia.

"Kwani hapo hamna mdomo mmoja mzima na mikono miwili mizima? Kaeni!"

Sasa Beno, mkono umefungwa bandeji, anasema; Saidi, taya limefungwa, anaandika. Saidi asipokubali anagonga meza, Beno anamuuliza kwa upole kosa liko wapi. Hawajawahi kusikilizana hivi.

Ila mchi nalala nao.