Kiapo cha Madalali

Jumatano, mwezi wa Rajabu, 1305

Nimeona jambo.

Leo sisi madalali wa nyumba na mashamba hapa Bagamoyo tumefanya chama, tukaapa kwamba hakuna atakayemuuzia Mzungu shamba la mtu bila mwenyewe kujua. Shauri lilikuwa la Mwinyi Hatibu. Tukashika msahafu mmoja mmoja. Zamu yake ilipofika, akarudisha mkono.

“Niwieni radhi ndugu zangu, sina udhu. Lakini tu pamoja.”

Tukamkubalia. Mara ikaadhiniwa alasiri. Sisi tulioapa, udhu tulikuwa nao, tukaingia msikitini moja kwa moja. Naye akaingia nasi, birikani hakupita kutawadha, akasimama safu ya mbele akasali.

Udhu aliupata wapi?

Na hati ya shamba la mama, kule Kaole, nilimkabidhi juzi kwa mkono wangu mwenyewe.