Mtama wa Karibu na Kisima, Mwaka Huu Hauchomwi

Kumbukumbu ya Sopan Gangaram Mhaske, mkulima wa Wadgaon

Mwaka umezunguka ukatimia, Baba Baliram, tangu utuage katika baridi hii hii ya mwezi wa Magh. Jina lako hapo juu kaliandika mjukuu wako Pranali. Mimi unanijua. Tangu nilipoingia nyumbani kwenu nikiwa mwali sijalitamka wazi. Huku kwetu mke akibanwa sana hulitia ndani ya kitendawili, na wewe ulipenda wifi zangu wanizuie mlangoni ili usikie safari hii nitatoka na kipi.

Asubuhi za baridi bado naamka nikidhani uko jikoni. Ulikuwa ukijifunika lile blanketi la sufu nyeusi mpaka masikioni, ukachutama karibu na moto kana kwamba umeajiriwa kuulinda. Mkate wa uwele ukifura kwenye kikaango uliupiga kofi utoe mvuke, ukautia siagi nyeupe na kipande cha sukari guru, ukaula kabla haujaona sahani.

"Baba Baliram, huo ulikuwa wa mtoto."

"Mtoto yupi? Hapa mtoto ni mimi."

Na mwanao Baliram wakati huo ana ndevu tayari.

Uwele uliuheshimu. Ulisema ni chakula cha baridi, na mtu anayeula wakati wa jua kali, tumbo lake litamshitaki. Mboga ya uwatu, biringanya la kuchoma kwenye jivu, kashata za ufuta za sikukuu ya Sankranti, kila kimoja kilikuwa na majira yake kwako, na hukukubali kudanganywa na watu wa soko wanaouza kila kitu kila siku.

Mkweo Urmila ana lake la kukukumbuka. Alipojifungua Pranali ilikuwa baridi ya kukata masikio. Kupika madonge ya mzazi ni kazi yangu mimi mama mkwe, lakini gundi ya mgunga uliifuata wewe mwenyewe vichakani, ukarudi mikono imechanwa na miiba. Nikaikaanga kwa samli ikafura kama bisi, nikaiponda na kuisonga pamoja na nazi kavu, tende na sukari guru. Baba mkwe hasemi ovyo na mke wa mwanawe, ndiyo desturi yetu. Basi ulisimama nje ya mlango ukamwambia ng'ombe kwa sauti kubwa, "Mwambie ale mawili kila asubuhi, asione haya!" Ng'ombe hakusema kitu. Urmila alicheka mle ndani mpaka mshono ukamuuma.

Sasa kitendawili. Ana mguu mmoja, ana meno elfu, na hajawahi kucheka. Kwa hiki watu wa Wadgaon hawatanipa mji hata mmoja. Ni mtama shambani na kichwa chake.

Na mtama wako wa karibu na kisima ndio uliokuwa na meno matamu. Ulikuwa ni ule wa kuchoma ukiwa mchanga, tunaouita hurda, ambao huliwa punje zikiwa bado kijani na zina maziwa. Ukiuwahi ni maji, ukiuchelewa ni jiwe. Uling'ata punje moja, ukatazama juu kama mtu anayesikiliza, kisha ukasema, "Leo." Na kijiji kizima kikajua kuwa ni leo.

Ulichimba shimo shambani, ukawasha mavi makavu ya ng'ombe, ukafukia vichwa vya mtama kwenye jivu la moto, ukavisugua viganjani mpaka punje zikatoka zinafuka moshi. Wageni walikaa duara, wakala na chatne ya karanga na kitunguu saumu, wakashushia mtindi. Hukumuuliza mtu katokea wapi. Dereva wa lori aliyesimama kuomba maji ya injini aliondoka mashavu yamejaa, na mwaka uliofuata akaja na mkewe.

Kilichokatazwa ni mstari mmoja tu, mstari wa mbegu. Ule uliachwa ukomae, ndio wa kupanda mwaka wa pili. Mbegu ulipewa na baba yako, naye alipewa na wake. Na rafiki yako Nivrutti ukamwita mwizi kwa sababu ya mstari huo.

"Nivrutti, kunjua shuka lako nione."

"Nimekuibia nini tena, bwana mkubwa?"

"Kichwa kimoja cha mbegu. Mstari una pengo kama mdomo wako."

"Ng'ombe wako kala!"

"Ng'ombe wangu hana vidole vya kuvunja shina vizuri namna hiyo."

Mligombana hivyo baridi mbili nzima, na hakuna siku mliyogombana msile pamoja.

Mbegu za mwisho ulizikata mwenyewe. Ulizipukuchua, ukazichanganya na jivu na majani ya mwarobaini, ukaziba mdomo wa chungu. Baada ya hapo kifua kikakubana, na hukukaa sana.

Siku ya kumi ya msiba wanaume walikwenda mtoni na tonge lako la wali, la kulishwa kunguru. Kunguru walijaa mtini, hakuna aliyeshuka. Sote tunajua maana yake, marehemu ana jambo moyoni. Baliram akaahidi kwamba atanitunza mimi mama yake. Kunguru kimya. Akaahidi kwamba dada yake Sindhu ataitwa nyumbani kila sikukuu. Kimya. Nivrutti akamsukuma kiwiko, "Mtaje mtama, wewe! Humjui baba yako?" Ndipo Baliram akasema mbele ya watu wote, "Baba, mtama wako tutaupanda, na siku yako ikirudi tutawachomea watu waule." Kunguru mmoja akashuka akachukua tonge.

Saa ile ile, nyumbani, mtama wako ulikuwa ukisagwa.

Hakukuwa na ubaya, Baba Baliram. Nyumba yenye msiba haiwashi jiko, unajua, majirani ndio wanaopika. Jirani yetu Vatsala alikuja tangu alfajiri. Unga ulipopungua akatazama rafuni, akaona chungu, ndani yake mtama wenye jivu. Nani hapa kijijini haweki mtama wa kula kwenye jivu usiingie wadudu? Akaupepeta, akausaga, akawapikia waliotoka mtoni. Mimi nilikuwa pembeni nimefunikwa ushungi, sioni mbele wala nyuma. Mikate ilisifiwa sana. Nivrutti aliomba wa pili akasema, "Utamu huu naujua mahali."

Tuligundua mvua zilipokuwa zinaisha, majira ya kupanda mtama huku kwetu, Baliram alipokwenda kuchukua mbegu akarudi na chungu kitupu mkononi. Vatsala alikuwa kibarazani kwetu akichambua dengu.

"Kile cha mdomo mwembamba?" akauliza. "Kilichokuwa juu ya rafu?" Kisha akaweka ungo chini. "Mama Baliram, ule si niliwapikia mikate siku ya kumi!"

Alilia kuliko alivyokulilia wewe. Nikamwambia, "Mwanangu, nyamaza. Mwenyewe angekuuliza tu kama ulitia chumvi ya kutosha." Lakini nilipobaki peke yangu nililia na mimi. Tulizunguka nyumba hadi nyumba. Hakuna aliyekuwa na mbegu yako. Kwa nini wapande, na kila mwaka walikula kwako?

Kisha akaja Nivrutti. Hakuingia. Alisimama uani amekumbatia kikopo cha chai, anatazama kuku.

"Shemeji," akasema, "mwizi wenu amekuja."

Ndani ya kikopo mlikuwa na kile kichwa kimoja, kimekauka, nusu kimeliwa na fukusi.

"Baridi mbili unaapa hukuiba!" nikamwambia.

"Ningekiri, tungegombana kwa jambo gani lingine?"

"Na mbona hukupanda?"

"Nipande wapi, shemeji? Yule mtu angeutambua mtama wake toka barabarani."

Nilicheka, Baba Baliram. Kwa mara ya kwanza tangu uondoke nilicheka mpaka nikakaa chini.

Baliram alipanda siku ile ile, ingawa wakati ulikuwa umeshapita. Mbegu nyingi hazikuota. Zilizoota zimesimama karibu na kisima, kipande kidogo ambacho Pranali anakivuka kwa kuruka. Lakini zimesimama. Na kwa kuwa tulichelewa, punje zake zina maziwa wiki hii hii, wiki ya siku yako. Baliram aling'ata moja akatazama juu kama wewe, kisha akanigeukia mimi.

Hapo ndipo nyumba yetu ilipogawanyika, na hili ndilo jambo ninalotaka ulisikie kabla ya siku kufika.

"Mama, niliahidi mbele ya watu," Baliram ananiambia. "Nilisema tutachoma."

"Ulisema pia utapanda. Ukichoma sasa, mwakani utapanda nini? Jivu?"

"Na kunguru akikataa tonge la mwaka huu, watu watasema mtoto wa marehemu ana ulimi wa mafuta."

"Waseme."

"Wewe unasema waseme. Mimi ndiye nitakayesimama pale mtoni nikiwatazama wale ndege."

Nilimhurumia. Anakupenda, na amechoka kubeba ahadi. Alitaka vichwa viwili tu vichomwe, kwa ajili yako. Lakini wewe na mimi tunavijua vichwa viwili. Mgeni mmoja akionja, wa pili atauliza, na hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kujifunza kumnyima mgeni. Kufika magharibi shamba litakuwa mashina.

Basi nimesema hapana. Nimesema mimi, siyo yeye. Mwaka huu mtama wako hauchomwi, unaachwa ukomae mpaka punje ya mwisho. Ukiwa na hasira njoo nayo kwangu, umezoea. Mtoto usimsumbue pale mtoni. Kalivunja neno moja ili aweze kulitimiza miaka yote inayobaki.

Na nyinyi ndugu na marafiki mliozoea kuja, njooni. Shimo litawashwa kama kawaida. Tutafukia dengu mbichi na maganda yake, viazi vitamu na biringanya. Mikate ya uwele itakuwepo, na chatne, na mtindi. Kashata za ufuta hatukupika Sankranti hii kwa sababu ya msiba. Vatsala amezipika zote sasa, atawapa kwa mkono wake, na kila anayepokea amwambie neno tamu, maana mwaka mzima amejisema vibaya mwenyewe. Mtama mtautazama kwa macho. Kuulinda tumempa Nivrutti. Anakaa kwenye kichanja toka asubuhi na kombeo lake, anawatukana kasuku kwa majina ya jamaa zake, na akiulizwa na wapita njia anajibu kwamba hakuna anayeijua kazi hiyo kama mwizi.

Mawe yake lakini hayapati kitu, macho yamekwisha. Kwa hiyo jana nilitoa kilemba chako cheupe, kile cha kila siku, nikakichana vipande. Baliram alinishika mkono, halafu akauachia, akaanza kuchana na yeye. Tumefunga kila kichwa cha mtama kitambaa chake, ndege wasidonoe. Leo asubuhi nilikwenda kuchota maji. Upepo ulikuwa unapita taratibu, na vichwa vyote mle shambani vilikuwa vinainama na kuinuka katika vilemba vyao, polepole, kama ulivyokuwa ukifanya wewe ukishindwa hoja, umekubali ila hutaki kusema.

Nikajaza ndoo, nikarudi nyumbani.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Kalindabai. Mwanao Baliram na mkewe Urmila. Binti yako Sindhu na mumewe. Mjukuu wako Pranali. Wifi zangu wote. Vatsala na watu wa nyumba yake. Na mwizi wako Nivrutti, aliyeomba aandikwe pamoja na jamaa.

Hatuna siku ya kukusahau, Baba Baliram, maadamu baridi inakuja na kuna mtu wa kuuota moto.