Kiungo wa Kulwant

Jumapili, Croydon

Kumbe mtu anaweza kukaba kwenye mpira wa magongo bila hata kutokwa jasho! Leo kiungo mkabaji wa timu ya Kulwant, nahodha wa Tooting, alimpokonya Mutua wetu kila mpira, polepole, kama mama anayemnyang'anya mtoto kisu. Mimi kocha nilisahau kufundisha, nikabaki mdomo wazi.

Kulwant yuko tayari kutupa kiungo huyo, ila kwa kubadilishana anamtaka Mutua, na hatuna mfungaji mwingine. Nilikuwa karibu kukubali.

"Mzee, usinipeleke," Mutua akanisihi. "Nikienda, yule jamaa atanikaba kila tukikutana nanyi!"

Sikuwa na moyo wa kumkatalia. Kesho nitamwambia Kulwant anichukue mimi mwenyewe badala ya Mutua. Atacheka, lakini chai yangu ya tangawizi anaipenda.