Kwa Maryam, Anayetaka Kuliacha Somo la Afya

Mwanangu Maryam,

Nakuandikia nikiwa jikoni, hapa Nuzha, Jeddah, na kanzu za baba mwenye nyumba zangoja pasi. Sauti uliyonitumia jana nimeisikiliza mpaka naijua kwa moyo. Wasema ukienda Marsabit kwa mazoezi ya afya ya jamii hutakuwepo nyumbani nitakapofika, kwa hivyo afadhali uliache somo lenyewe. "Ni somo la pembeni tu, mama. Shahada yangu ni ya sosiolojia, naipata hata bila hilo." Ningekujibu kwa simu, lakini kwa simu nitalia, na wewe ukisikia nalia utashinda. Basi naandika.

Hilo somo, mwanangu, wewe ulilianza kabla ya chuo. Wakumbuka kibaraza chetu cha Kisauni, nikiuza mahamri na mbaazi? Ulikuwa hujamaliza hata kung'oka meno ya utoto, umesimama na kipepeo cha ukili wafukuza nzi, halafu wafukuza na wateja. Bi Salma jirani akakohoa mbele ya sinia, ukamwambia, "Bi Salma, geuka kule ukohoe!" Mwanamke mzima! Akaniangalia akasema, "Mtoto wako huyu ana mdomo kama bwana afya." Nikakukaripia mbele yake, ilibidi. Alipokata kona tukacheka mimi na wewe mpaka mbaazi zikashika chini.

Ulipokosa nafasi ya unesi mimi nilikuwa bado Riyadh, kabla jamaa hawa ninaowafanyia kazi hawajahamia huku. Ukaniambia umepangiwa sosiolojia, na pembeni umejichagulia afya ya jamii. Mimi nikashika neno afya, hayo mengine nikayaacha yapite. Siku madam, mama mwenye nyumba, aliponituma soko la Batha na dereva, nikaingia duka la sare nikakununulia koti jeupe la daktari, nikampa dada mmoja wa Malindi aliyekuwa arudi nyumbani. Ulilivaa tukaonana kwa simu, mikono ya koti yafika kwenye kucha.

"Asante mama, lakini sisi hatuvai makoti."

"Sasa wewe ni daktari gani?"

"Si daktari, mama. Daktari angoja uugue. Sisi twataka usiugue."

Nikakwambia hiyo ni kazi ya Mwenyezi Mungu. Ukajibu, "Ndiyo, na yeye ndiye aliyetupa maji tujisafishe."

Tangu hapo twasoma sote. Wewe wajisomea kwa sauti wanitumia, nami natia waya wa simu sikioni, ndani ya ushungi, nikipiga pasi. Ruth, yule Mkenya mwenzangu anayefanya kazi kwa dada yake madam, hanipi nafasi akija. "Mama Maryam, leo tunasoma nini?" Namwambia, kuhara. "Haki ya Mungu, na vile nakula!" Yeye ni Mkristo, lakini wakati wa mitihani yako aliniambia amekuombea kwa njia yake. Nami madam aliponipeleka umra, nilipoiona Kaaba kwa macho yangu haya, dua ya kwanza iliyonitoka ilikuwa yako. Sijui hata kama nilijiombea lolote.

Lakini siku iliyonikaa moyoni ni ile Ijumaa baada ya swala, ulipokuwa wajizoeza kuwahoji watu majumbani mwao. Ulitaka mimi nijifanye mwenye nyumba. Ukapiga hodi kwenye simu, nikakukaribisha, nikakwambia viatu uache nje. Ukacheka, kisha ukajikaza ukafanya sauti ya ofisini.

"Ni nani na nani hulala katika nyumba hii?"

"Mimi, wewe na nyanyako."

"Mama, wewe hulali hapa."

Ukanieleza polepole kwamba mwalimu amewafunza hivyo, aliyekaa mbali muda mrefu hahesabiwi mtu wa nyumba hiyo, hata kama chakula chatoka kwake. Nikamsikia nyanyako nyuma yako akipaza sauti, "Muandike mamako!"

"Nyanya, utaratibu haukubali."

"Huo utaratibu hauna mama?"

Nikasema yalla, tuendelee. Ukaniuliza maji ya kunywa twayaweka wapi. Nikajibu, kwenye mtungi. "Mtungi ulivunjika zamani, mama." Chandarua? Nikasema kile cha buluu. "Tulibadilisha." Kila nilichojibu kilikuwa cha nyumba niliyoiacha, si cha nyumba mnayolala. Hukunikosea, mwanangu, uliuliza kama ulivyofunzwa. Lakini tulipoagana niliiona Kisauni iko mbali kuliko siku niliyopanda ndege.

Miaka yote madam akiniuliza kama naongeza mkataba, najibu inshallah, na inshallah yangu yeye huihesabu kuwa ndiyo. Safari hii ikama, kibali changu cha kukaa huku, ilipokaribia kwisha akaniuliza tena. Nikamwambia, "Halas, madam. Nataka nyumbani."

Akaacha alichokuwa akifanya. "Nani amekuudhi?"

"Mafi, madam. Hakuna. Nina hamu na watu wangu."

Naye ana binti asomaye Riyadh, amwona likizo kwa likizo. Akaenda akazungumza na mumewe, ambaye ndiye kafili, mdhamini wangu huku. Wakakubaliana watoto wakimaliza mitihani niondoke. Nikakupigia kukupa habari, ukapiga kelele ya furaha, kisha ukaniuliza tarehe mara mbili. Ndipo uliponiambia kuhusu Marsabit, kwamba waondoka mimi sijatua.

Nikwambie ukweli wangu wote. Uliposema utaliacha somo, nilifurahi. Moyo ulisema ndiyo kabla akili haijafika. Nilikuacha kichwa chako chanifika begani. Kwenye simu nauona uso, urefu siuoni. Nimekuwa nikijiuliza nikikukumbatia kidevu changu kitaangukia wapi. Kuna siku napita barabarani na watoto wa madam, namwona msichana amevaa bui bui mwendo wake kama wako, na miguu yangu yaenda yenyewe kumfuata.

Pamoja na yote hayo, Maryam, sikupi ruhusa. Usiniambie ni somo la pembeni. Hilo kubwa ulipangiwa, hili ulilichagua. Mimi nimekaa huku ili mwanangu apate cha kuchagua. Ukiliacha kwa sababu yangu, kila nikikutazama pale nyumbani nitakuwa naona nilichokunyima, na wewe siku moja utakiona pia, hata kama adabu yako haitakuruhusu kusema.

Nenda Marsabit. Chukua nguo nzito, nasikia huko asubuhi kuna baridi. Waheshimu akina mama wa huko, wasalimie kabla hujauliza lako, na wakikupa chai kunywa. Usiache swala kwa sababu ya safari. Mimi nyanyako atanipokea, tutalala chumba kimoja tukizungumza habari zako. Hamu hii nimeishi nayo miaka, haitaniua kwa miezi michache.

Ukimaliza kazi yako panda basi uje. Umenitolea wewe machozi ya kuningoja tangu utotoni. Sasa niachie mimi zamu hiyo.

Mungu akutangulie.

Ni mimi mamako, niliye njiani.