Mgongo Usio na Kovu

Feruzi, wamenifukuza! Leo hii, Olmotonyi, mbele ya rika langu zima.

Nilijikongoja na gongo tangu alfajiri kwenda kula nao nyama. Si daktari wa jeshi alinikata mguu akasema, "Uaskari umekwisha, rudi kwenu"? Basi nimerudi. Kwetu ndiko huko.

Lerionka, niliyetahiriwa naye siku moja, ndiye aliyekuwa akigawa nyama. Akaniambia, "Sakaya, vua shati tuone mgongo."

Mgongo! Feruzi, wote wana makovu. Wote! Ndio wale tuliowachapa mimi na wewe walipokuwa wakijenga boma la Wajerumani. Mgongo wangu laini kama wa mtoto.

Nikawaonyesha mguu. Akasema, "Huo wamekukata mabwana zako. Sisi tunakula na waliochapwa pamoja nasi."

Nikapiga goti moja nililobakiwa nalo. Nikasema nichapeni basi, yaishe. Unajua alinijibu nini? "Nani akuchape? Hapa hakuna askari."

Hapa hakuna askari! Wakacheka, wakaendelea kula.

Wewe bado una kiboko. Jumatatu naja bomani. Nipige ishirini na tano, kama nilivyompiga Lerionka.