Migomba Iliyougua

Daraja Mbili, Arusha

Mdogo wangu Sadoki,

Huku tu wazima, ila usingizi umenihama. Baa ya jirani haizimi muziki mpaka alfajiri. Naziba masikio kwa pamba, na bado kitanda kinatetemeka. Kinachonituliza ni kukiwaza kihamba chetu hapo Tengeru, shamba alilotuachia baba, upepo ukipita kwenye migomba.

Uliponiambia migomba imeugua, lazima ikatwe, sikubisha. Wewe ndiye kitindamimba, kihamba uliachiwa wewe ukitunze kwa niaba yetu sote. Hata panga jipya nilikununulia mimi.

Juzi nilikwenda kumlalamikia mwenye baa. Akacheka. “Vumilia kidogo, mama. Nahamia Tengeru. Sadoki amenipangisha kihamba, na migomba ameshanifyekea.”

Sadoki! Mtoto niliyekubeba mgongoni! Migomba ile haikuwa na ugonjwa wowote.

Mwenye baa anasema nishukuru, sasa nitalala. Sawa, nitalala. Lakini wewe unayejua kupanga mambo, niambie: hayo maspika yake atayaweka upande gani wa kaburi la baba?

Bado ni dada yako,
Tabea