Sharubu Si Baba Yao

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za kaka yako mwenye miaka themanini na moja, anayetembea bila fimbo. Nimewazika wazazi wetu, dada zetu, mke wangu, na hata yule daktari aliyesema moyo wangu hautamaliza mwaka. Jeneza lake nilibeba mbele. Wewe hujambo? Shemeji goti limepoa? Sisi huku wazima, isipokuwa mjukuu wangu, na ndiye aliyenishikisha kalamu.

Mbwa mimi nawajua, mtaa mzima hakuna wa kunifundisha. Pamba, jike la marehemu mke wangu, ni chotara wa kizazi cha kwanza: mama mbwa wa uwindaji wa rangi ya dhahabu, baba pudo, wale mbwa wa Kizungu wenye manyoya ya msokoto yasiyodondoka. Jike kama huyo ukimrudisha kwa pudo tena, watoto wanazidi msokoto na manyoya hayadondoki ovyo. Chotara kwa chotara ni bahati nasibu. Huyu kamfuata babu, yule bibi, na fagio halipumziki. Ndiyo maana nilimleta kwako apandwe na Sharubu wako, pudo halisi. Kwa umri wa Pamba, huo ulikuwa uzazi wa mwisho. Mjukuu wangu ninayekaa naye alitaka mtoto wa mbwa wa bibi yake, na binti yangu, mama yake, alikubali kwa sharti moja tu, mbwa asimwage manyoya, maana mjukuu ana pumu. Nikamwambia atulie, mdogo wangu kalishika jambo hili.

Wakazaliwa wanne. Ukaja, ukawa wa kwanza kuchagua kama ilivyo haki ya mwenye dume, ukambeba yule mwenye msokoto kama waya wa simu. Nilikufungia mbwa huyo kwenye blanketi la mke wangu, asipate baridi njiani.

Waliobaki manyoya yakanyooka. Mjukuu akachukua mmoja, akamwita Soksi, akalala naye. Nywele zikajaa kwenye mto, mpaka kwenye uji. Mimi nikabisha. Nilimwambia binti yangu avae miwani. Jirani fundi kufuli aliponicheka kwamba pudo wangu kazaa ufagio, nilimwambia arudi kwenye funguo zake, baba ni Sharubu, na mdogo wangu hajanidanganya tangu tukigombania shuka. Kifua cha mtoto kikaanza kupiga filimbi. Binti yangu akaja na begi, akaondoka naye. Mlangoni mtoto aliniuliza kwa nini nilimwambia uongo. 

Juzi shemeji alipita kunipa pole. Nikaanza kumlaumu Sharubu, naye akaweka kikombe chini, akaniomba nisimsingizie mnyama, kwani alihasiwa mwaka juzi alipougua. Akasema uliona haya kuniambia, ukamfungia Pamba na dume chotara mwenzake wa jirani yenu mtengeneza viti. Sikuamini. Nikampigia daktari wa mifugo wa huko kwenu, akasema kisu kilikuwa mkononi mwake mwenyewe.

Kuhasiwa kwa mbwa kuna haya gani? Ungesema siku ile ile, ningetafuta pudo mwingine. Wewe ukaninyamazia, kisha ukaja kudai haki ya dume asiyezaa, ukamchukua yule mmoja ambaye mtoto angeweza kulala naye. Na ukaniacha nikufungie blanketi!

Basi mrudishe mbwa huyo wa msokoto. Usimtume mtu. Mpeleke mwenyewe kwa binti yangu, umwambie mtoto kwa mdomo wako kwamba babu yake hakumdanganya. Kwangu usipite kwanza.

Msalimie shemeji, na usimgombeze, kanitendea undugu kuliko wewe. Soksi naye anakusalimu, anatafuna kiatu changu cha kushoto.

Ni mimi kaka yako, wa tumbo moja.

Ukikana, ujue kwamba zamani nikibishana na watu shahidi wangu ulikuwa wewe. Safari hii ninao hawa: mkeo, daktari wa mifugo, na Sharubu mwenyewe. Mgeuze chali umtazame.